Mkono Chini ya Turubai

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Emorut kilikuwa mkono wake wa kulia, na kwa siku tatu sikuona kingine. Nilikuwa nimefika Malaba kutafuta kazi ya ukarani katika ofisi za kupitisha mizigo, na kila asubuhi nilikunywa chai kwenye kibanda cha Mama Gaudencia, kando ya barabara ambayo malori hupanga foleni kutoka mpakani hadi karibu na Amagoro. Ng'ambo ya mtaro palikuwa na turubai la lori, la kijani, lililotandazwa juu ya boriti na kuteremka pande zote kama paa la nyumba fupi. Mwanamume mnene mwenye kofia nyeupe aliketi kwenye benchi akidunga turubai hilo kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Shazia ilizama yote. Baada ya pumzi moja ilichomoza tena, umbali wa kidole mbele, kana kwamba turubai lenyewe ndilo lililoirudisha. Kisha Mama Gaudencia akavuka mtaro na kikombe cha chai, akainama penye ukingo, na mkono ukatokeza. Ulikuwa mwembamba, umefungwa kipande cha ngozi ya kiatu kiganjani. Ulipokea kikombe bila kumwaga tone, ukarudi ndani.

"Nani yuko humo?" niliuliza.

"Emorut," alisema Mama Gaudencia. "Usishangae. Mimi ni mwaka wa nne nampea chai, na uso wake naona Jumamosi peke yake."

Hapo ndipo nilipoelezwa kazi ya turubai. Turubai la trela ni zito mno kupitishwa kwenye cherehani ya kawaida. Hushonwa kwa mkono, tena kwa mikono ya watu wawili. Mmoja hukaa juu na kudunga. Mwingine hukaa chini, katika giza na joto, akaipokea shazia, akavuta uzi hadi ukaze, akairudisha. Hawaonani. Huzungumza kupitia kitambaa. Mmoja akikosekana, wa pili hana kazi. Mzee Emorut na Mzee Mukhtar, yule mwenye kofia nyeupe, walikuwa wamepokezana shazia namna hiyo kwa miaka kumi na tisa. Mapato waligawana nusu kwa nusu kila Jumamosi, na hawakuwahi kugombana juu ya hilo hata siku moja. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kesi ya kuvunja ubia hudhani lazima kiini chake ni pesa.

Nilipomfahamu vizuri Mzee Emorut nilimpenda, na sioni sababu ya kulificha. Ana miaka hamsini na minne. Nyumbani kwake ni Moding, ambako mkewe, Mama Anyait, hulima karanga na muhogo, naye huja Malaba kwa baiskeli ambayo kengele yake iliharibika, hivyo hupiga mluzi kwenye kona. Hunusa turubai kabla ya kuligusa, akakwambia lori lilibeba nini safari iliyopita: mbolea, mchele, au samaki wakavu ambao dereva hakuwataja kwenye karatasi zake. Hukata uzi kwa meno ya kushoto tu. Anasema ya kulia anayatunza kwa ajili ya nyama ya Krismasi.

Mukhtar ni mtu wa Busia mjini, kutoka ukoo wa wachukuzi na wenye maduka karibu na msikiti. Alikuja Malaba akiwa fundi wa mahema. Emorut alikuwa mpakiaji wa magunia. Siku moja ya mvua lori la simiti lilipasuka turubai, dereva akawa analia barabarani, na Mukhtar hakuwa na mtu wa kukaa chini. Emorut aliingia. Walishona kutoka asubuhi hadi alasiri, na simiti ikapona. Jumatatu iliyofuata Mukhtar alitundika kibao.

Kibao hicho ndicho kilichokuja kuwa na maneno mengi kuliko yaliyoandikwa juu yake. Kilisema: MUKHTAR TURUBAI, MALABA. Jina la Emorut halikuwapo, na aliyelikataa ni Emorut mwenyewe. Mwandishi wa vibao alikuwa akitoza kwa herufi.

"Nilimwambia aandike lako pekee," alinisimulia. "Nikasema, watu si watatujua tu? Nilikuwa kijana. Nilifikiri watu wanajua vitu bila kuandikiwa."

Desturi yao ilikuwa kubadilishana kila Jumatatu: wiki hii mmoja juu, wiki ijayo chini. Anayekaa juu ndiye anayepigwa na upepo, anayesalimiana na madereva na kusikia habari za Kampala na Mombasa. Miaka minne iliyopita Mukhtar alianguka kutoka juu ya lori akaumia goti. Emorut akamwambia akae juu hadi lipone. Goti halikusema limepona, na Mukhtar hakuulizwa. Jumatatu zikapita. Mara moja tu Emorut alitania kutoka chini ya kitambaa:

"Lakini, Mukhtar, hiyo goti yako ina ubaguzi. Kwa Mungu inakunjika mara tano kwa siku. Kwangu inakataa."

"Kwa Mungu nashuka na kuinuka," Mukhtar alijibu. "Kwako nitashuka asubuhi, niinuke kesho."

Walicheka, na mzaha ukabaki mzaha.

Kisha ikaja ile siku ya Jamiru. Jamiru ni dereva wa Mbale, mteja wao kwa miaka mitatu, mwenye sauti inayofika kabla yake. Alikuja kutazama turubai lake, na kwa haraka zake akapanda juu yake na viatu, akaukanyaga mgongo wa mtu.

"Ssebo, bwana, kuna kitu hapa," alisema akiruka pembeni. "Ni mbwa?"

"Pole, boss," Mukhtar alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono. "Ni kijana wangu yuko chini."

Shazia haikurudi. Mukhtar alingoja, akagonga kitambaa kwa kidole. Emorut alitoka upande wa pili, akapangusa magoti, akafungua kile kipande cha ngozi kiganjani, akakiweka mfukoni. Mvi zake zilikuwa nyingi kuliko za Jamiru na Mukhtar pamoja. Alipanda baiskeli akaenda Moding, na kwenye kona hakupiga mluzi.

Wiki mbili baadaye Mukhtar alipokea karatasi za mahakama. Emorut alikuwa ameshtaki mahakamani Busia. Hakudai fidia. Aliomba jambo moja: ubia wake na Mukhtar uvunjwe kwa amri ya mahakama. Nilimuuliza kwa nini asiache tu kazi, aende zake.

"Kijana wa mtu akiondoka, anaondoka tu," alisema. "Patna ndiye anavunja. Mimi nilitaka kuvunja."

Na hapa ndipo Mukhtar alipofanya kosa ambalo nadhani ni yeye peke yake angeweza kulifanya. Alikwenda kwa mmoja wa wale makarani wanaopiga chapa hati za watu nje ya mahakama, chini ya mwavuli, akamweleza kwamba anataka kesi ife na Emorut arudi kazini. Karani akafikiri, akasema: kama hapakuwa na ubia, hakuna cha kuvunja. Mukhtar akaona hiyo ni hekima. Kisichokuwepo hakivunjwi, kisipovunjwa, kila kitu kitabaki kama kilivyokuwa. Akatia sahihi hati iliyosema kwamba Emorut hakuwahi kuwa mbia wake, bali kibarua wa siku kwa siku.

Emorut alisomewa hati hiyo akiwa ameketi kwenye mkeka wa karanga, Moding. Haya niliambiwa na Mama Anyait. Aliendelea kumenya karanga hadi kikapu kikajaa, kisha akaendelea kumenya na zile za mbegu.

Siku ya kusikilizwa kwa kesi nilikwenda Busia pamoja na Mama Gaudencia, aliyefunga kibanda chake kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mamake. Hakimu alikuwa mama mwenye sauti ndogo, na chumba kizima kililazimika kunyamaza ili kumsikia. Alimuuliza Emorut kama ana mkataba. Hana. Ana kibao chenye jina lake? Hana. Ana shahidi? Emorut akamwonyesha Jamiru.

"Unamfahamu mlalamikaji?" hakimu alimuuliza Jamiru.

"Nnyabo, mama, siwezi kudanganya. Nilimwona siku moja tu, siku ile nilimkanyaga." Watu walicheka. Jamiru alivuta kola ya shati lake. "Lakini mgongo wake naujua."

"Mzee Emorut," hakimu alisema kwa upole, "umeniletea shahidi ambaye hakujui. Uthibitisho wako uko wapi?"

"Uko nje, mheshimiwa. Uko juu ya lori yake."

Hivyo mahakama nzima ikatoka uani. Jamiru na turniboi wake, msaidizi wa lori, waliteremsha turubai, wakalikunjua karibu na ua wa maua. Emorut alipiga magoti kwenye nyasi, akaonyesha mshono mrefu wa katikati. Upande wa juu nyuzi zote zililala kushoto, kwa sababu Mukhtar hutumia mkono wa kushoto. Kisha akaligeuza. Upande wa chini kila uzi ulikuwa umezungushwa mara mbili kabla ya kurudi juu, ili mmoja ukikatika, ule wa jirani usifumuke. Mshono ulikuwa mmoja, wenye nyuso mbili.

Hakimu alimwita Mukhtar. "Hati yako inasema huyu alikuwa kibarua. Tazama upande huu wa chini. Kazi hii ni ya nani?"

Mukhtar aliinama kadiri goti lilivyomruhusu. Alipitisha kidole juu ya ule mshono, polepole, kutoka mwanzo hadi karibu na kona. Ninaamini ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuutazama upande huo.

"Ni ya Emorut, mheshimiwa."

"Kibarua mwingine angeweza?"

"Hapana." Aliuvuta uzi mmoja kwa ukucha. "Hata mimi siwezi. Huu mzunguko sikumfundisha. Alinipita zamani."

Kwa maneno hayo alijiangusha mwenyewe. Wiki tatu baadaye hukumu ilisomwa: ubia ulikuwepo, kwa ushahidi wa kazi yenyewe, mlalamikaji alikuwa mbia sawa na mlalamikiwa, na kwa ombi lake, ubia huo umevunjwa. Walipewa siku sitini kugawana boriti, benchi, shazia na mahali penyewe kwa makubaliano. Wasipokubaliana, afisa wa mahakama angekuja kuvipiga mnada.

Emorut alitoka na karatasi yake ameishika kwa mikono miwili. Aliniomba nimsomee ule mstari wa "alikuwa mbia," nikausoma mara tatu. Ni jioni tu, wakila atapa, ule ugali wa wimbi na muhogo, kwa maharagwe, alipomwambia mkewe: "Anyait, nimepewa jina na kunyang'anywa kazi kwa karatasi moja."

"Uliomba mwenyewe," Mama Anyait alimwambia.

"Niliomba. Sikuomba wanipe haraka hivyo."

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya kuchekesha kwa yeyote asiyewapenda wale wazee. Mukhtar, akiwa hana mtu wa kukaa chini, alianza kubandika viraka kwa gundi ya moto. Viraka vilikaa vizuri hadi Tororo, kisha vikapeperuka kimoja kimoja kama majani, na madereva wakarudi navyo mkononi. Emorut alijaribu kushona peke yake, uwanjani kwake. Alidunga, akashuka kwenye benchi, akazunguka, akaingia ndani, akavuta, akatoka, akazunguka tena. Kuku walimfuata wakidhani ni mchezo. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshona urefu wa mkono mmoja na kutembea, kwa hesabu ya Mama Anyait, kutoka Moding hadi Malaba.

Siku ya hamsini na moja Mama Gaudencia alichoka. Ni mtu wa Port Victoria, ziwani, na hana subira na watu wanaoongea kwa kununa. Alipanda bodaboda hadi Moding na chupa yake ya chai, nami nikafuata kwa ya pili.

"Shemeji," alimwambia Emorut, kabla hata ya kukaribishwa kiti, "unajua kwa nini yule mzee aliandika wewe si patna?"

"Aliandika kile anafikiria."

"Aliandika kile karani wa mwavuli alimdanganya. Ati kitu haikuwa, haiwezi kuvunjwa. Alitaka korti ishindwe kuwaachanisha. Yeye alifikiri anakushika, kumbe anakusukuma. Amenieleza mwenyewe, na machozi ikaingia kwa mandazi yangu."

Emorut aliyarudia maneno hayo polepole. Kisha kicheko kilianza tumboni mwake, kikapanda polepole, hadi akalazimika kushika mti wa banda. "Mukhtar," alisema. "Mukhtar na akili yake. Anakukana ili ubaki."

"Na kitu kingine," Mama Gaudencia aliendelea. "Ile goti unaichekelea. Msikitini siku hizi anasalia kwa kiti. Mwaka wa pili huu. Alikuwa anaona haya kukuambia, sababu ulikuwa umeshafanya ni mzaha."

Kicheko kikakatika. Emorut alichukua kile kipande cha ngozi kutoka mfukoni, akakikunja, akakikunjua. Mama Gaudencia alimmiminia chai, akatia sukari vijiko viwili bila kuuliza.

"Kwetu ziwani," alisema, "wavu unavutwa na watu wawili hata kama wamenuniana. Samaki hawajui."

"Mwambie hivi," Emorut alisema hatimaye. "Pole sitaki. Pole ni ya maneno. Nataka aingie chini, mara moja, madereva wakiwa wamesimama, na mimi nikiwa juu. Ashone urefu wa mkono mmoja tu. Goti ikikataa zaidi, nitamtoa mwenyewe. Baada ya hapo tutaanza ubia mpya, wa kuandikwa."

Tulifikisha ujumbe jioni ile ile. Mukhtar alikuwa ameketi kwenye benchi lake, mbele ya boriti tupu. Alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mkono mmoja wake ama wangu?" aliuliza. "Yeye ana mikono mirefu."

"Hakusema," Mama Gaudencia alimjibu.

"Basi ni wake. Atakataa wangu." Aligusa goti lake kama mtu anayempigapiga ng'ombe. "Mwambie anipe siku chache. Kuna seremala anitengenezee kigoda cha chini, mguu ukae umenyooka. Nikiingia sitaki nitoke nimebebwa."

Leo ni Jumanne, na siku sitini zinakwisha Alhamisi. Afisa wa mahakama ameshapiga simu kuuliza kama aje kupiga mnada au asije, naye ameambiwa angoje hadi kesho adhuhuri. Kesho saa tatu asubuhi ndiyo saa yenyewe.

Kigoda kililetwa jana, kifupi na kipana, na Mama Anyait amekishonea mto wa matambara. Ukurasa mmoja wa mkataba mpya nimeuandika kwa mwandiko wangu bora. Una majina mawili, na sharti moja ambalo wote wawili walilitaja bila kushauriana: Jumatatu ya kila wiki waulizane kwa sauti nani akae wapi, hata kama jibu linajulikana. Haujatiwa sahihi. Emorut anasema sahihi itafuata mshono.

Kibao nacho hakipo mahali pake. Kiko kwa mwandishi wa vibao, ambaye bado anatoza kwa herufi. Emorut alimwambia aache jina la Mukhtar mbele kama lilivyo, kisha aongeze. "Andika zote," alisema. "Usinipunguzie hata moja." Lakini amemwambia pia asikitundike hadi atakapoona shazia ikirudi kutoka chini.

Jamiru amepiga simu kutoka Kanduyi. Amesafiri wiki mbili na turubai lililopasuka, amekataa kulishonesha kwingine, na ameapa atafika alfajiri ili awe wa kwanza kwenye foleni. Madereva wengine wameanza kuuliza kama wataruhusiwa kuegesha karibu. Wapo wanaosema Mzee Mukhtar atarudi nyuma dakika ya mwisho. Mama Gaudencia anawauzia chai na kuwarudishia chenji.

Mchana huu nilimwona Emorut akifagia chini ya boriti. Aliweka kigoda, akaingia, akakikalia, akanyoosha mguu mmoja kama mgonjwa. Akatoka, akaondoa kokoto moja, akaingia tena. Aliporidhika alifungua kile kipande cha ngozi kiganjani mwake, akakiacha juu ya mto.

Mama Gaudencia alikuwa akimtazama kutoka ng'ambo ya mtaro, kitambaa begani. Alihesabu vikombe vyake, akaweka kimoja kando. Kwa Emorut ni vijiko viwili vya sukari, hilo ameshalizoea. Sasa ananiuliza mimi kama najua Mukhtar hunywa kwa vijiko vingapi, kwa sababu kesho, Mungu akipenda, mkono utakaotokeza chini ya turubai utakuwa mwingine.